Sifuri

Kila siku, kabla ya kengele ya shule,
nachungulia ndani ya kopo la kupimia mvua
kama mtu anayetafuta sindano.
Vumbi. Sisimizi. Mara moja, kifungo cha sare.
Naandika daftarini: sifuri.
Miaka kumi na moja hapa Samaili, sifuri juu ya sifuri,
hata wanafunzi wananiita Mwalimu Sifuri
nami naitika; jina likishakukaa halivuliki.

Kaka yangu Hilali alipata kiwanja kwa kura.
Namba mia nne na sita. Alinipigia simu
Kiswahili na Kiarabu vikigongana mdomoni,
kama mama alivyokuwa akihesabu hela.
Tukaenda kukiona. Tambarare, barabara karibu,
mawe yake yote mviringo, laini kama mayai.
Nikauliza: nani aliyeyapiga msasa?
Akasema: wewe na maswali yako ya darasani.

Pembeni palikuwa na mkunazi.
Juu, juu kuliko mtu aliyesimama mabegani mwa mtu,
sufuria iliyotoboka ilikuwa imekwama kwenye matawi,
na nyasi kavu zimejisokota zote upande mmoja,
upande wa baharini.
Mtoto wa Hilali akasema ni kiota.
Tukacheka. Hata mimi nilicheka.

Rafiqul, fundi, alipochimba msingi,
kwenye kina cha kiuno akakuta mlango.
Mlango mzima, na komeo lake, umelala chali.
Akatuita: huku kwenu mnazika milango?
Hilali akaupangusa, akautundika sebuleni.
Pambo la kale.

Ofisini, karani mwenye ramani alikuwa mpole.
Hutokea mara moja katika miaka mia, dada.
Akaitamka hiyo mia kama nchi ya mbali
ambako hana ndugu wala viza.
Nilitaka kumwambia mia si foleni,
wadi haisimami nyuma ya tisini na tisa
ikingoja kuitwa;
ni kura, kama ile ya Hilali,
kila mwaka mkono unaingia tena mfukoni
na namba zote zimo.
Nikashukuru kwa kahawa. Nikaondoka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne.
Jua. Nguo kwenye kamba zilikwisha kauka.
Nilichungulia koponi: sisimizi.
Milimani, kusikoonekana kwetu,
mbingu ilikuwa imeshuka tangu usiku,
mabonde yakapokezana,
na sisi tukasikia kwanza
kama lori la kokoto linarudi nyuma.
Rafiqul ndiye aliyejua. Kwao wanayajua maji.
Hakupiga kelele; alimnyakua mtoto,
akapanda mkunazi, akapanda,
mpaka pale penye sufuria.

Maji ya rangi ya chai ya maziwa.
Gari la Sanad, jirani, lilipita limewasha taa
kama linalotafuta njia.
Mkewe, Zayana, hatukumpata mpaka Ijumaa,
karibu na bahari, mwendo wa saa nzima kwa lami.
Mkononi alikuwa na ufunguo.

Jioni nilifungua daftari.
Kopo halikuwa na tone.
Nilikaa nalo mapajani muda mrefu,
na kwa kuwa sijawahi kudanganya daftari
niliandika: sifuri.

Sasa mawe yamekauka, yamekuwa meupe tena.
Vijana wamechora goli kwa chokaa.
Nasikia ofisini wanaandaa kura nyingine.
Mlango wa sebuleni haupo,
umekwenda kuzikwa mahali pengine.
Hilali anapaka rangi ukuta.
Alama ya maji imesimama juu ya swichi ya taa,
imenyooka kama ya rula.
Anasema: imeshakuja, sasa tumepumzika miaka mia.
Namshikia ngazi. Simjibu.

Mkono wa kwanza wa rangi umekauka.
Alama inaonekana.
Anachovya tena brashi.