Kilo Ishirini na Tatu

Pedali ya kushoto hufunguka kinyume, Neža.
Haniamini, mpaka spana imteleze
na ngozi ya kidole ibaki kwenye chuma.

Tunatoa upepo. Matairi yanashusha pumzi
kama mtu aliyevua viatu vya kazi.
Usukani unalala ubavuni mwa fremu,
soksi zinajaa helmetini.

Mizani ya bafuni: ishirini na nne na nusu.
Anatoa pampu.
Anatoa, bila kunitazama, sweta niliyomfumia.
Ishirini na tatu.

Nyuzilandi, wanasema, hukagua hata tope.
Basi nasugua matairi kwa mswaki wangu wa zamani,
na mlima wote wa Kolovrat, tulioupanda Jumapili,
unashuka karaini, maji ya kahawia.

Zipu imekubali. Teksi imekuja.

Karai silimwagi bado.