Mizinga Saba

Alikuja kwa treni ya Jumatano, Bwana Mutalemwa,
na rula ya chuma na kitambaa cha miwani,
akaulizia Isevya nyumba ya marehemu Mayengo,
mwenye bunduki ya Mjerumani.

Tuliitoa uvunguni ndani ya gunia la tumbaku.
Hakuishika kwanza. Aliinusa.
Kisha akaanza kuhesabu kwa kushuka,
kama mtu anayeingia kisimani:

"Ingekuwa nzima, milioni nne.
Namba ya mtutu na namba ya komeo
ni mama mmoja baba mbalimbali: toa milioni.
Kutu hii ni ya masika mangapi? Toa laki tano.
Polisi wameuziba mtutu, na ni vyema,
bila barua yao nisingepanda treni,
lakini toa laki mbili."
Akageuza kitako. "Na huu mti gani?"

"Mninga," mama akasema.
"Cha kwanza kililiwa na mchwa mwaka wa Azimio.
Baba akachonga hiki wiki mbili.
Gogo lililobaki ndilo mlango wa jikoni."

"Kazi safi," akasema. "Toa milioni na nusu."

Kaka yangu Sizya alikwisha ezeka nyumba kichwani.
Nilimwona akishusha bati moja moja.

Kidole cha mgeni kikapanda ubao wa mbele,
ule wa asili, kikatumbukia kwenye chale.
Moja. Mbili. Mpaka saba.
Sauti ikawa ya mtu aliyefika msibani:
"Hizi ni za watu?"

Kimya.

"Kama ni za watu, na yupo wa kunisimulia,
turudi milioni tatu."

Sizya alimtazama mama.
Mimi pia, sikatai.
Saba tu. Nani angekuja kuwadai?
Vita ya Mjerumani na Mbelgiji haina shahidi aliye hai mtaa huu.

"Mizinga," mama akasema.

Mgeni akafungua daftari, kalamu inatetemeka.
"Mizinga saba! Aliiteka wapi?"

"Ya nyuki, baba. Msitu wa Ipole.
Hakujua kuandika, na shemeji yake alikuwa mwizi."

Daftari likafungwa.
Laki nane. Akaongeza elfu ishirini, ya soda.

Mama akaomba bisibisi.
Akalegeza misumari bila haraka,
akakitoa kitako, akakiweka mapajani.
"Hiki umekitolea milioni na nusu," akasema,
"basi kwako hakipo. Chukua chuma chako."

Aliondoka na chuma na ule ubao wenye chale,
vimefungwa kwenye gunia letu la tumbaku.
Gunia hakulilipia.

Sizya alininunia siku tatu,
kana kwamba ni mimi niliyesema.
Ya nne, anakula ugali mlangoni pa jikoni,
akauliza bila kuinua macho:
ule mzinga wa saba,
baba yake mama aliutundika mti gani?