Shanga za Kioo

Saa sita za usiku Barabara ya Jogoo inapumua.
Tunapanga koni, tunafagia mchanga na maganda ya miwa,
maana rangi haishiki penye uchafu,
na Nyamweya, msimamizi wetu, anaikariri kanuni kama dua:
mstari uliokatika, pita, ukiona mbele ni kweupe;
mstari mzima, baki ulipo, hata kama unawahi mazishi;
mistari miwili mizima,
hapo hata usiulize.

Rangi inatokota kwenye pipa, nyuzi mia mbili.
Mimi nasukuma mkokoteni, Mutheu yuko nyuma yangu
anamwaga shanga za kioo, ndogo kuliko punje za wimbi.
Nusu zizame, nusu zibaki juu zikingoje taa.
Bila hizi, husema, mstari ukiingia usiku ni kipofu.

Mwezi jana tulisimika SIMAMA njia panda ya Donholm.
Pembe nane,
ili hata asiyejua kusoma aijue kwa umbo,
hata anayeiona kwa kisogo.
Wiki haikwisha. Nikaikuta Gikomba,
imekatwa kwa msumeno, imekuwa meza ya mama ntilie.
Kipande chake kilibaki na herufi nne: SIMA.
Na kweli, juu yake palikuwa na sima, inafuka moshi.
Nikacheka mpaka nikashika mbavu.
Nikalipa shilingi themanini,
nikaila sheria yetu kwa omena.

Nyamweya hakucheka. Alisema
chuma kinaibika, rangi haiibiki.
Rangi inachakaa tu.

Leo tumefika langoni mwa shule.
Milia ya kivuko: nusu mita nyeupe, nusu mita lami,
na kitabu kinataja shanga kwa gramu.
Mutheu anapunguza mwendo.
Anachota konzi ya pili pale penye kipimo cha moja,
kisha ya tatu, anainama kuzisambaza kwa kiganja
karibu sana na moto wa rangi.
Nyamweya anatazama saa yake, muda mrefu kuliko saa inavyotazamwa.
Kwenye daftari anaandika: *kawaida*.

Hatulitaji jina la Mwendwa hapa.
Ilikuwa Machi, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi,
mvua, giza bado,
na milia ya zamani imefutika kama chaki.
Dereva aliapa hakuona kitu barabarani.
Mimi namwamini. Hilo ndilo linaloniuma.

Kunapambazuka, tunaokota koni.
Lori la sukumawiki linashuka kutoka mjini, tupu, lina haraka,
taa zake zinaigusa milia
na milia yote inawaka kwa mpigo mmoja.
Breki zinalia. Lori linasimama.

Hakuna anayevuka.

Dereva anachungulia kushoto, anachungulia kulia,
anapiga honi moja, fupi, ya chini,
kama mtu anayeuliza
amempisha nani.