Uso Haujaonekana

Hela ya mnada wa tatu imeingia Alhamisi,
na Zamoyoni amerudi kutoka Newala mjini
na simu ya macho matatu mgongoni.
Haikijui kidole changu. Nimekifuta kwenye kanga,
nimekilamba, nimekipuliza, wapi:
utomvu wa ganda la korosho
ulishakula mistari yangu yote tangu msimu wa juzi.
"Basi tumia uso," akasema. "Uso haubangui korosho."

Tukaanza na wake. Pua ikavimba ikawa bibo lililoiva,
macho yakahamia masikioni,
kidevu kikamwagika kama uji uliosahauliwa jikoni.
Tukamgeuzia shemeji Likapa:
kichwa chembamba juu, kipana chini,
yeye na mtungi wake wa uraka mtu na ndugu yake.
Alipopiga chafya, sura ya kweli ilichungulia kidogo,
ikarudi mbio kujificha.
Somoe alicheka hadi akaketi juu ya gunia la daraja la kwanza
na siku hiyo hakuna aliyemkemea.

Mimi nilipewa mdomo.
Ulirefuka ukapita ukingo wa kioo,
nikataja jina langu, neno likachelewa kutoka
kama mtu aliyebeba ndoo mbili kutoka bombani.
Nilicheka na wenzangu,
huku mkono mmoja, bila kutumwa,
ukipapasa shavu kuhakikisha.

"Nipeni na mimi hilo lipiko lenu,"
akasema Bibi Nambunga.
Akatema ugoro, akafunga upya kilemba,
akaketi wima, kama wa kupiga picha ya kura.

Simu ikamtazama.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
*Uso haujaonekana. Sogea kwenye mwanga.*
Tukamsogeza mlangoni.
Tukamtoa uani kabisa, jua la saa nane.
*Uso haujaonekana.*
Mbuzi wa Likapa akapita nyuma yake:
mbuzi akaonekana papo hapo, akavishwa miwani.

Na uso upo. Uko pale pale:
nembo zinazopanda mashavuni kama matuta ya muhogo,
zilizochorwa kwa kisu na kusuguliwa masizi
(alilia siku mbili, kisha akaomba kioo);
na juu ya mdomo, tundu la ndonya
lililosinyaa sasa kama kitovu.
"Kinasemaje?"
"Kinasema hakikuoni, Bibi."
"Kipofu hicho. Kirudisheni dukani."

Zamoyoni, jasho likimtoka, akabonyeza huku, akabonyeza kule,
akaangukia kile cha kulainisha ngozi.
Hapo simu ikamwona.
Ikamwona kwa kumfuta:
tundu likazibwa, matuta yakasawazishwa,
mashavu yakang'aa kama sabuni iliyotoka kwenye karatasi.
Tulingoja acheke.

"Ee," akasema. "Huyu Nalyoto."

Mdogo wake, aliyemfuata.
Surua ilimchukua kabla kisu hakijamfikia,
na hakuna picha yake, hata ya kuchora mchangani.
Bibi aliinamia kioo, akasema naye Kimakonde
cha zamani, ninachokishika nusu nusu:
habari ya kisima, habari ya mama,
habari ya hereni fulani, na hapo sauti ilipanda.
Kila midomo yake ilipocheza, na ya kiooni ilicheza,
hivyo hakuna aliyengoja mwenzake amalize.

Chaji ikabaki asilimia nne. Umeme ulikatika tangu asubuhi.
"Nimtunze?" Zamoyoni akauliza, kwa sauti ya msibani.
"Muulize kwanza hereni zangu kazipeleka wapi,"
Bibi akajibu, na kurudi kwenye korosho zake.

Video ina sekunde kumi na tisa.
Kuna kuku anapita, kuna kikohozi cha Likapa.
Jana usiku nilitaka kuiangalia tena,
nikainua simu usawa wa uso wangu, gizani,
nikasubiri inijue.