Ufito

Kazi yangu ni kutangulia.
Gari dogo, taa ya njano inazunguka juu ya paa,
na kwenye bampa ufito uliosimama wima,
mita nne na nusu kutoka lami.
Ukigusa kitu, kengele inalia, nami nasema redioni:
Nugzari, simama.
Mwaka wa kumi na moja huu nalisema.
Mke wake, anadai, hajamwambia hivyo mara nyingi kiasi hicho.

Bandari ya Poti, saa kumi alfajiri.
Hapa mvua hainyeshi, inaishi; ni mwenyeji.
Bwana forodha ana mihuri mitatu na kikohozi,
anasoma stakabadhi kama baba anayesoma barua ya posa.
Katapila limelala juu ya trela la tumbo chini,
mkono umekunjwa, kijiko kimeinamia mbao,
tani thelathini na nne.
Si jipya. Limetoka Japani, rangi imechujuka begani.
Nugzari alipopanda kulikagua
akakuta chini ya kiti jozi ya ndara za kitambaa,
safi, zimepangwa, vidole vikitazama mlango.
Hakuzigusa. Akaurudishia mlango taratibu
kama atokaye chumbani mwa mgonjwa aliyepata usingizi.

Minyororo minane. Anaikaza, anaipiga teke, anaikaza tena.
Mzigo ni kama deni, husema:
usipoufunga, utakufunga.

Samtredia jua limetoka, na ng'ombe wako darajani.
Darajani kuna upepo, upepo hufukuza nzi,
na ng'ombe wa huku hawahitaji sababu nyingine.
Basi limesimama. Lori la matikiti limesimama.
Sisi, na chuma chetu kiwezacho kuling'oa daraja zima,
tumesimama.
Nashuka, namsukuma mmoja pajani. Ananitazama tu.
Redio inakoroma: "Tsiala, mwonyeshe kibali."

Baada ya Zestaponi, mlima.
Nyuma yangu injini inashusha sauti,
inanguruma kwa gia ya pili kama mtu anayejibishana na nafsi yake.
Wauza vyungu wanasimama kuangalia, mikono viunoni.
Chini ya daraja la reli naendesha kwa mwendo wa mtoto,
dirisha wazi, nikisikiliza juu.
Kimya.
Vidole vinne vya nafasi. Nugzari anapita bila kusema neno,
na mimi ndipo napumua.

Surami tunanunua mkate.
Si lazima, ila dada yangu Nargiza ana tanuri pale kando ya barabara,
mkate wa zabibu kavu na mdalasini,
na hupungia magari tangu alipoachwa na mumewe.
Anajua katapila linakwenda wapi. Wote pale wanajua.
Kilomita tisa mbele wanachimba barabara mpya
itakayopita nyuma ya kilima.
"Yamebaki mangapi ya kuleta?"
"Manne."
Akapangusa unga, akapanda kwenye trela, akachungulia ndani ya kibanda.
Kijiko hakukitazama. Alizitazama ndara.
"Mwenyewe yuko wapi?"
Nani ajuaye.
Akatupa mikate miwili. Pesa za Nugzari alizipokea, zangu akazikataa,
mpaka leo sijui ipi ilikuwa heshima.

Tukaondoka. Mita thelathini tu, na kengele ikalia.
Nugzari, simama.
Waya. Waya wa taa ya kibanda cha Nargiza,
unaovuka barabara kutoka nyumbani kwake;
mwanawe aliufunga upya jana, akaufunga chini.
Kabla sijashuka alikuwa amekwisha fika
na lile koleo refu la kutolea mikate.
Akauinua waya juu, mikono yote miwili, visigino hewani,
unga ukimdondokea usoni,
akaushikilia
hadi mkono wa chuma ulipopita, na kijiko, na mkia wa trela,
kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeegesha gari:
"Haya. Nendeni. Pana nafasi."