Mkono Mtupu

Siku ya kwanza Jagna hakutufundisha hatua hata moja.
Alitugawia viti sita vya mbao, kimoja kikiyumba,
akasema: Simameni.
Tukasimama.
Akasema: Hapana, huko ni kukumbuka.
Simameni kama watu wasiojua kilichoko juu.

Saa nzima. Nje, theluji ya Łódź ilishageuka tope,
tramu zikisaga reli,
na mimi Seweryn, niliyevunja kifundo mara mbili kwa kuruka,
nalipwa kubandua makalio kwenye ubao
taratibu kuliko unga unavyoumuka.

Hajui anachokitafuta. Hulisema waziwazi,
kama mtu anayetaja bei ya viazi.
Nimechungulia daftari lake: hamna mchoro wa mguu,
maswali tu.
Mgongo husahau lini?
Kitu kilichoondoka kina kilo ngapi?
Nani alifagia hapa kabla yetu?

Ukumbi wenyewe ulikuwa kiwanda cha nguo.
Sakafuni yamebaki matundu ya skrubu, safu kwa safu,
na madoa ya mafuta yaliyoishinda kila sabuni.
Tukacheza baina ya matundu. Wiki mbili, jasho na magoti.
Jagna akatazama mpaka mwisho, akasema: Nzuri.
Kwake neno hilo ni talaka.
Kesho yake tukarudi vitini.

Aliyetuokoa alikuja kufunga mlango.
Bi Leokadia, miaka sabini na minne, mwenye funguo,
aliyekula miaka thelathini na mmoja
kwenye mtambo wa mia na kumi na nane.
Alisimama kizingitini akingoja tuchoke,
na ndani ya mfuko wa aproni mkono wake wa kulia
ulikuwa unafanya jambo.
Jagna akauomba mkono ule, kama mtu aombaye chumvi.

Lilikuwa fundo. Uzi wa mtande ukikatika
unauunga kwa vidole vitatu; mtambo haukusubiri,
msimamizi naye ndiyo kabisa.
Kiwanda kilifungwa, mkono haukuambiwa.
Umefunga hewa kanisani, kwenye foleni ya nyama,
umefunga hewa juu ya jeneza la mumewe.

Tukajifunza kwa uzi wa kweli, hadi vidole vikachubuka.
Usiku mmoja Jagna akauiba uzi.
Kisha akaviiba vidole: fungeni kwa bega.
Fungeni kwa goti. Sasa wewe Seweryn ni mshindio,
pita chini ya hao watano, na usiwe mzuri.
Msimwige bibi, alisema,
uulizeni mkono ulikuwa unazuia nini kisiporomoke.
Mkono mtupu haulambwi, husemwa;
yeye ndio huo aliokuja kuulamba.

"Mnachelewa," akasema Bi Leokadia. "Mngefukuzwa kabla ya chai.
Halafu hii si dansi. Dansi ni Jumamosi, kodiani,
na mwanamume aliyenyoa."
Jagna akaandika: Jumamosi. Kodiani. Kunyoa.
Sekunde ishirini za kazi yetu zimetoka humo.
Sitasema zipi.

Usiku wa onyesho walikuja watu arobaini na mmoja.
Muziki haukuwapo; palikuwa na pumzi na mbao.
Bwana mmoja aliinuka katikati, akafunga koti kifungo kwa kifungo,
polepole mno, vizuri mno,
hata nikadhani ni mmoja wetu.
Bi Leokadia, mstari wa mbele, hakututazama.
Alikuwa akihesabu matundu.

Jana ndani ya tramu mkaguzi alisimama mbele yangu,
akautazama mfuko wa koti langu ukifurukuta.
Unatafuta tiketi?
Tiketi ilikuwa mkono wa kushoto, wazi, akaiona.
Basi unafanya nini humo?
Sijui, nikasema.
Jagna angelipenda jibu hilo.
Kisha angelifuta.