Milimita Sitini na Nane

Naigaga alipandisha mchanga ghorofani, ndoo baada ya ndoo,
siku ile tulipokuwa tunaziba ufa wa ukuta,
nikamwomba akae nimpime macho.
"Hayaumwi," akasema.
Nikamwambia najua, nataka umbali tu,
mboni hadi mboni, kama fundi cherehani anavyotaka bega.
Rula ikasema sitini na nane.

Kitabu cha vipimo nilichokirithi hakikumjua.
Kilihesabu askari wa nchi nyingine, wanaume watupu,
kikatoa wastani, kikafunga mlango.
Lenzi zangu zilikaa walipokaa wao.
Kwa hiyo dunia niliyoichora, gurudumu la chuma chini ya bwawa,
ambamo vijana wa Jinja wangejifunza kulegeza bolti
kabla ya kuteremka kwenye maji ya kweli,
kwake ilipasuka: kila jicho na bolti yake.

Watu hudhani lenzi ni kipande cha kioo.
Lenzi ni mapatano.
Ukitaka uwanja mpana, ukingo unapinda kama bati lililong'olewa na upepo.
Ukiunyoosha ukingo, katikati panafifia.
Ukiongeza kipande cha tatu, rangi zinatulia, shingo inanung'unika.
Uisogeze karibu, kope zinafagia akriliki;
uiweke mbali, jicho linachungulia tundu la ufunguo.
Kila usiku kompyuta hunipa namba moja ya makosa yote,
nami humkopa huyu nikamlipe yule.

Mwezi wa tatu nikahamia lenzi za chapati.
Ndivyo tunavyoziita, mimi na Wandera, kwa wembamba wake,
na kwa kuwa nuru ndani yake hugeuzwa
kama yai kwenye kikaango cha muuza rolex hapo chini:
nenda, gonga kioo nusu, rudi,
gonga tena, haya, sasa pita.
Aliyewahi kutumwa ofisi hadi ofisi kutafuta muhuri
anaijua safari hiyo.
Katika chembe nne za nuru, moja hufika, tena kwa bahati.
Nyingine hupotelea njiani, au hurudi zikiwa mizimu,
taa hafifu inayoelea pasipo na taa.
Mzimu mmoja niliufukuza wiki mbili.
Niliukuta uso wa pili, umejibanza
nyuma ya kosa langu mwenyewe la nusu digrii.

Naigaga akarudi, safari hii mikono mitupu.
Nikatanua lenzi hadi sitini na nane. Akavaa.
Kimya.
Mkono ukanyooka, ukatafuta bolti hewani.
"Moja," akasema. "Iko moja."
Wandera akaanza kupiga makofi, lakini mama hakuwa amemaliza.
"Hapa pembeni nyundo imevaa nguo mbili,
nyekundu huku, buluu kule.
Na hii kitu yako inanivuta pua.
Mimi nimebeba matofali miaka kumi na mmoja.
Mzigo unawekwa utosini. Nani alikuambia uutundike usoni?"

Grafu zangu zilisema ukingo ni safi.
Mizani ilisema gramu mia tano na kumi, na mimi niliiamini,
mimi ambaye sijawahi kubeba hata tofali moja kwa kichwa.
Nikachukua kalamu:
betri, iende kisogoni.
Uso wa tatu, ulegezwe mpindo,
buluu isikunje kona zaidi ya mwenzake.
Nikaanza hesabu upya akiwa bado ameketi.

Ndipo umeme ukakatika, katika mji wenye bwawa,
na kazi ya tangu asubuhi ikaenda nao.
Naigaga akauliza kama soda yake bado ipo.
Tukashuka ngazi kwa kupapasa, yeye mbele,
kiganja chake kikitambaa juu ya plasta ya mchanga wake mwenyewe.
Kufika ngazi ya saba nikaanza kuona kidogo:
ukingo wa bega lake, kisha kilemba.
Mboni zilikuwa zimejifungua zenyewe gizani,
bila bisibisi, bila kuniuliza.